Mti Wenye Mwenyewe

Nilikuwa nimeinua fimbo nipige tawi, maganda machache yaanguke nipate kuyaona kwa karibu, ndipo sauti ya mtoto ikanizuia. Alikuwa msichana wa miaka kumi hivi, mchungaji wa mbuzi, shanga zimempanda shingoni hadi karibu na kidevu. Alinitazama bila woga na bila ukali. "Huo una mwenyewe," akasema kwa Kiswahili cha shuleni, kisha akageuka kuwafuata mbuzi wake walioanza kushuka lagani.

Nikaishusha fimbo. Tulikuwa ukingoni mwa laga ya Nariokotome, mto wa mchanga unaojaa wakati wa mvua tu, Turkana Kaskazini, kilomita chache magharibi ya Ziwa Turkana. Hapakuwa na ua, wala kibao, wala alama ya rangi kwenye shina. Nyumba ya karibu niliyoiona ilikuwa vibanda vitatu vya makuti ya mkoma, mbali, vikitetema ndani ya joto. Mimi nimekulia kwenye ardhi ya seng'enge na hatimiliki, na kwa macho yangu ule ulikuwa mti wa porini, wa Mungu na wa kila mpita njia. Kwa mtoto yule ulikuwa mali ya mtu anayejulikana, kama vile mbuzi aliowachunga walivyokuwa mali ya mtu anayejulikana.

Kusema kweli sikuwa nimefunga safari kwa ajili ya mti. Nilikwenda Nariokotome kwa sababu ileile inayowapeleka wageni wengi: kuona mahali alipopatikana yule kijana wa kale ambaye vitabu vya shule vimemfanya maarufu, na ambaye dunia nzima humwita Kijana wa Turkana. Mti nilikutana nao njiani. Sasa, wiki kadhaa baadaye, ninapokaa kuandika, ni mti unaonijia kwanza.

Safari yenyewe huanzia Lodwar. Ukitoka mjini kuelekea Kalokol, mwendo wa kama kilomita 60, utapita Namoratunga, zile nguzo za mawe meusi zilizosimikwa na watu wa kale kando ya barabara. Waturkana husimulia kwamba walikuwa watu, wakageuka mawe. Kutoka Kalokol barabara huelekea kaskazini, ziwa likiwa upande wa kulia, mara linaonekana mara limejificha. Utapita Kataboi na Nachukui, na kati ya vijiji hivyo utavuka nchi ya Lomekwi, ambako mwaka 2011 watafiti walipata zana za mawe za miaka milioni 3.3, kongwe kuliko zote zinazojulikana duniani. Hakuna daraja katika laga nyingi. Dereva hushuka, huukanyaga mchanga kwa kisigino, hutazama milima iliyo magharibi kama ina wingu, ndipo huvuka. Mvua ikinyesha kule juu, laga iliyokauka miezi sita huweza kushuka na maji ya kifua kabla hujamaliza kufunga mlango wa gari.

Lodwar hupata wastani wa takriban milimita 200 za mvua kwa mwaka. Nairobi hupata karibu mara tano ya hiyo. Kwa hesabu hiyo, mtu angetarajia kwamba mti mkubwa hauwezi kusimama hapa. Lakini ukitazama kutoka kwenye kilima chochote cha Turkana utaona mistari ya kijani ikikata nchi ya mawe, imepinda na kujinyoosha kama mishipa mgongoni mwa mkono wa mzee. Kila mstari ni laga. Maji ya mafuriko hupita kwa saa chache, sehemu yake huzama mchangani na kubaki huko chini, na huko ndiko mizizi inakoyafuata. Akina mama nao huyafuata hukohuko: huchimba mchanga kwa karai na mikono mpaka mashimo yanawazidi kimo, wakakinga maji kikombe baada ya kikombe. Mti na mtu hunywa kisima kimoja.

Mti niliouona Waturkana huuita ewoi. Kwa Kiswahili ni mgunga, ule ambao kilele chake hutandaza matawi kama mwavuli. Wanasayansi waliuita Acacia tortilis kwa miaka mingi; siku hizi huandika Vachellia tortilis, baada ya mikutano ya mabingwa wa mimea ya mwaka 2005 na 2011 kuliacha jina la Acacia kwa miti ya Australia. Neno tortilis maana yake ni kilichosokotwa, na linatokana na maganda yake, ambayo hujikunja kama nywele za mtoto mchanga. Waturkana huyaita ngitit. Miiba yake ni ya namna mbili kwenye tawi moja: mirefu, myeupe, iliyonyooka kama sindano, na mifupi iliyopinda kama ndoana. Ule mrefu utauona na kuukwepa. Ule mfupi ndio utakaokurarua shati.

Shina la ewoi huu watu wawili wakishikana mikono hawalizunguki. Upande wa laga mafuriko yamekula udongo, mizizi imebaki wazi, minene kama paja, imeushika ukingo na kukataa kuuachia. Upande wa pili gome limelainika, linang'aa kwa mafuta ya migongo iliyoliegemea. Ardhi chini yake imekanyagwa ikawa ngumu kama sakafu. Nilihesabu mawe saba ya kukalia, na alama za miguu ya vigoda. Joto nje ya kivuli lilinibana kichwa; ndani ya kivuli niliweza kufikiri tena. Sijui namna nyingine ya kueleza tofauti ile.

Mwenyewe alikuja alasiri. Habari zilikuwa zimemfikia, bila shaka kwa njia ya mchungaji wangu mdogo. Alikuwa mzee mrefu, shuka begani, fimbo mkononi, na ekicholong, kile kigoda kidogo cha mti ambacho mwanamume wa Kiturkana hukalia mchana na kulazia kichwa usiku. Nilimsalimu "Ejok, apa," akanijibu kwa urefu, akaweka kigoda chake chini mahali ambapo ni wazi kilikuwa kimewekwa maelfu ya mara, ndipo mazungumzo yakaanza, dereva akitafsiri. Nilimwomba radhi kwa fimbo. Alisema fimbo si neno, mgeni hajui. Kisha akanionyesha mipaka.

Kutoka kwenye kona ya laga, pale penye mkoma uliovunjika kilele, hadi kwenye mwamba mweupe upande wa chini, miti iliyo ukingoni ni ya nyumba yake. Aliipata kwa baba yake, na baba yake kwa babu. Kipande hicho huitwa ekwar. Ardhi si yake. Ardhi ni ya jamii yote, na mbuzi wa mtu yeyote hupita. Yeye ana haki juu ya miti na vile miti inavyotoa, hasa wakati wa kiangazi. Ngitit zikianza kuanguka, mbuzi wake ndio watakaozila kwanza, au zitakusanywa na kuwekwa kwa siku mbaya zaidi. Mwenye shida huja akaomba, na kwa kawaida hupewa. Kuni zilizokauka hazina ugomvi. Kivuli hakina mwenyewe, kila mtu hukaa. Lakini kukata tawi bichi, kupiga maganda, kukata nguzo ya nyumba, hayo huombwa, na asiyeomba huitwa mbele ya wazee.

Utaratibu huu haukubuniwa na mzee yule wala si wa Nariokotome peke yake. Miaka ya 1980 mtaalamu wa misitu Edmund Barrow, aliyefanya kazi Turkana, aliuchunguza kando ya mito na laga, na mwaka 1990 akachapisha matokeo yake katika jarida la kisayansi. Alieleza kwamba ekwar ni haki ya kutumia, inarithiwa, na pia inaweza kupotea: anayeitelekeza kwa miaka mingi bila kurudi hukuta mwingine ameshika mahali pake. Jambo hilo la mwisho nalipenda sana. Hatimiliki ninazozijua mimi huendelea kuwa halali hata mwenyewe akiishi ng'ambo na shamba likawa jangwa. Hii ya Turkana inamtaka mtu awepo. Mti ni wako maadamu unautunza.

Nilimuuliza mzee umri wa mti. Hakunipa miaka. Aliniambia kwamba babu yake alipofanyiwa asapan, ile sherehe ya kumwingiza mwanamume katika rika lake, akachoma mkuki mnyama wa sadaka, ewoi huu ulikuwa tayari mkubwa, na wanaume walikaa chini yake nusu duara kula nyama. Nusu duara hiyo huitwa akiriket, kila mtu mahali pake kwa ukubwa. Waturkana wana makundi mawili ya vizazi, Ngimor, yaani Mawe, na Ngirisae, yaani Chui, na mtoto huingia kundi ambalo si la baba yake. Kwa hiyo mjukuu hurudi kwenye kundi la babu. Mzee huyu ni wa Ngimor kama babu yake, na anapokaa kwenye akiriket hukaa mahali ambapo babu alikaa, chini ya tawi lilelile. Niliridhika na jibu hilo kuliko ambavyo ningeridhika na tarakimu.

Halafu akazungumza juu ya Lopiar. Kila Mturkana wa umri wake atakuambia juu ya Lopiar, ukame na maradhi ya mifugo ya mwanzo wa miaka ya 1980. Jina lenyewe lina maana ya kufagia. Ng'ombe walikwisha. Ngamia wengi walikwisha. Familia nzima zilihamia kwenye kambi za chakula. Mbuzi waliobaki kwao, alisema, walibaki kwa sababu ya ngitit za mti huu na mingine minne. Majani yalikuwa yamekwisha ardhini, lakini mizizi ilikuwa bado inakunywa chini, na mti ukazaa. Mama yake alikuwa na magunia mawili ya ngozi aliyoyaficha. Mbuzi walikula, wakatoa maziwa ya kijiko, na kijiko hicho ndicho kilichomlea mdogo wake wa mwisho. Alilisema hilo akiuangalia mti, hakuniangalia mimi.

Kwa Waturkana kila mti ukingoni una kazi yake. Esekon, ambao Waswahili tunaujua kama mswaki, hutoa matunda madogo ya kukaushwa na vijiti vya kusugulia meno. Edome hutoa matunda matamu yanayonata mkononi. Edung hutoa matunda machungu ambayo akina mama huyachemsha, wakamwaga maji, wakachemsha tena na tena hadi uchungu uishe. Ni chakula cha siku ambazo hakuna kingine. Eengol, yaani mkoma, hutoa koma za kuguguna na makuti ya kusukia vikapu na kuezekea. Ewoi ndio mkubwa wao kwa sababu hulisha mbuzi, na mbuzi hulisha watu.

Kuna jambo jingine juu ya ewoi na mbuzi ambalo lingestahili kusomwa katika kila shule ya Kenya. Kwa miaka mingi mfugaji amesemwa kuwa adui wa misitu: mifugo yake inakula kila chipukizi, anahama na kuacha jangwa nyuma. Mwaka 1995 watafiti wawili, Robin Reid na James Ellis, walichapisha utafiti wao wa kusini mwa Turkana. Walichunguza maboma ya mbuzi na kondoo yaliyohamwa. Wakakuta kwamba machipukizi ya ewoi yalikuwa mengi zaidi ndani ya maboma hayo kuliko nje yake. Mbuzi hula maganda, mbegu hupita tumboni ambako ganda lake gumu hulainika, kisha huanguka usiku ndani ya boma, juu ya samadi inayotunza unyevu. Familia inahama. Mvua ikija, mbegu zinaota. Miaka ikipita, pale palipokuwa na boma panakuwa na kichaka cha migunga ya umri mmoja, mchungaji mwingine anakuja na mbuzi wake kukaa kivulini. Mtu asiyejua atasema msitu umeota wenyewe. Umepandwa, na waliopanda ni wafugaji na mbuzi wao.

Basi nikaenda kumwona yule kijana. Mzee alimpa dereva wangu maelekezo na kubaki kivulini.

Mahali penyewe ni mteremko wa udongo na kokoto nyeusi za volkano, kando ya laga hiyohiyo, na siku hizi pana mnara wa ukumbusho. Mwezi Agosti 1984 timu ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya iliyoongozwa na Richard Leakey na Alan Walker ilikuwa imepiga hema chini ya migunga ya ukingo. Ilikuwa siku ya mapumziko. Kamoya Kimeu, Mkamba aliyeanza kazi ya kuchimba visukuku na akina Leakey huko Olduvai, Tanzania, mwaka 1960 akiwa kibarua, hakupumzika. Alivuka mchanga, akaanza kutembea juu ya kokoto akiinamisha macho. Akaona kipande kidogo cha mfupa, rangi yake karibu sawa na mawe yaliyokizunguka. Kilikuwa sehemu ya paji la uso. Nimejaribu kusimama pale na kutafuta chochote kati ya kokoto zile kwa nusu saa, na ninaweza kukuambia kwamba macho ya Kamoya Kimeu yalikuwa hazina ya taifa.

Uchimbaji uliendelea hadi mwaka 1988. Walipata mifupa zaidi ya 100 ya mtu mmoja wa aina ya Homo erectus, aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita: mvulana aliyefariki akiwa na umri wa miaka minane au tisa kwa hesabu ya meno yake, lakini mwenye urefu wa karibu sentimita 160. Alikuwa na ugonjwa kwenye taya. Aliangukia kwenye kinamasi cha tambarare ya mto, matope yakamfunika, wanyama waharibifu wasimpate. Hakuna mwanadamu wa kale wa zama hizo aliyepatikana amekamilika kama yeye. Leo mifupa yake imehifadhiwa Nairobi, katika makumbusho, kwa namba KNM-WT 15000.

Jambo ambalo husimuliwa kwa sentensi moja, likapita, ni hili: vipande vya fuvu lake vilipatikana vimezungukwa na mizizi ya mti wa miiba. Mbegu ilikuwa imeota mahali hapohapo, na mizizi ikajipenyeza kati ya mifupa ikitafuta maji. Fikiria. Kwa muda wa miaka milioni moja na nusu kichwa kile kilikaa ardhini, na kitu cha mwisho kukishika kabla ya mikono ya wataalamu kilikuwa mti wa laga. Mizizi ilikitenganisha, ni kweli. Lakini niliyoiona kwenye ule ukingo inazuia udongo usichukuliwe na mafuriko, na nilipokuwa nimesimama mbele ya mnara nilishindwa kuamini kwamba mti ule haukushika chochote ambacho maji yangelibeba.

Kamoya Kimeu alitunukiwa nishani na Shirika la National Geographic la Marekani mwaka 1985, mkononi mwa Rais Ronald Reagan. Alifariki Julai 2022, miezi michache baada ya Richard Leakey. Kijana ana mnara. Nakubaliana na heshima zote hizo, ningependa hata ziongezwe. Lakini nilipogeuka kutazama laga kutoka kwenye mnara niliuona mstari wa migunga, na katikati yake vishina vinne vilivyokatwa usawa wa goti. Vilikuwa vipya. Utomvu ulikuwa bado haujawa mweusi.

Nilimuuliza mzee niliporudi. Alinyamaza kwanza. Akasema vile si vya ekwar yake, ni vya jirani aliyekwenda Lodwar kutafuta kazi baada ya mbuzi wake kufa. Mvua zilikosa misimu mitano mfululizo tangu mwisho wa mwaka 2020 hadi mwisho wa 2022. Mtu akipoteza mifugo yote hubaki na miti, na mti unaouzika mjini kwa haraka ni ule uliogeuzwa makaa. Waliokata ni vijana, wengine anawafahamu. Je, waliitwa mbele ya wazee? Waliitwa. Wakasema watoto wamelala njaa, na wazee wakakosa la kusema.

Siwalaumu vijana wale, na sitamwacha msomaji awalaumu. Barabara kuu ya kutoka Lodwar kwenda Kakuma imejaa magunia ya makaa yaliyosimama kama watu wanaosubiri gari. Kakuma ina kambi ya wakimbizi tangu mwaka 1992, na jirani yake Kalobeyei iliongezwa katikati ya miaka ya 2010. Kati yao wanaishi maelfu kwa maelfu ya watu wanaopika kila siku. Mkimbizi aliyekimbia vita hawezi kula mahindi mabichi, na mama wa Kiturkana asiye na mbuzi hana kingine cha kumuuzia. Wote wawili wananunua na kuuza miaka ya watu wasiokuwepo sokoni: babu aliyeurithisha mti, na mtoto ambaye angekunywa maziwa yake.

Na mahali mwenyeji anapoondoka, mgeni huingia. Mti wa mathenge, ambao Waturkana huuita etirai, uliletwa Kenya kaskazini miaka ya 1980 kwa nia njema ya kuzuia mchanga na kutoa kuni. Leo umeziba kingo za mto Turkwel na kuizunguka Lodwar. Miiba yake inatoboa tairi, maganda yake matamu yanaharibu meno ya mbuzi. Mwaka 2006 wakazi wa Baringo walifika hadi mahakamani kudai haki kwa hasara waliyopata. Hauna ekwar. Hakuna babu aliyeupokea na kuurithisha. Ndiyo maana ningependa kuuona huo ndio unaojaza magunia ya barabarani. Unaota tena haraka ukikatwa, makaa yake ni mazuri, na kila gunia la mathenge ni tawi la ewoi lililopona. Kazi hiyo imeanza sehemu kadhaa. Iongezwe, ilipiwe vizuri, ili kijana wa Nariokotome apate pesa bila kukata kinachomlisha.

Serikali ya Kenya iliahidi mwaka 2022 kupanda miti bilioni 15 ifikapo 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 taifa zima lilipewa siku ya mapumziko ili kupanda. Naiunga mkono ahadi hiyo kwa moyo wote. Lakini mche wa kitaluni hauwezi kuchukua nafasi ya mti uliokwishafikisha mizizi kwenye maji. Mche unahitaji kumwagiliwa kwa maji yaleyale ambayo mama ameyakinga kikombe kwa kikombe. Ewoi mzee hauombi tone. Kabla ya kuhesabu miche, tuhesabu iliyosimama, na tuulize ni nani anayeilinda bila kulipwa.

Jibu lipo, na tayari lina njia ya kisheria. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inaziruhusu jamii kusajili ardhi yao na kujiwekea kanuni za matumizi yake. Ekwar inaweza kuandikwa ndani ya kanuni hizo: mipaka ya kona ya laga na mwamba mweupe, haki ya mwenye miti, haki ya mwenye shida kuomba, wajibu wa kuwepo, na adhabu ya anayekata bila ruhusa. Mfanyabiashara anayeleta lori kutoka mjini haogopi wazee wa laga asiyoijua, lakini ataogopa kanuni yenye mhuri. Naiomba Kaunti ya Turkana na bunge lake wasiandike sheria nyingine ya misitu kutoka mezani. Waende wakakae kwenye mawe yale saba, wamsikilize mwenye miti, waandike anachosema.

Jua lilipoanza kushuka nyuma ya milima, mzee aliinuka, akapiga tawi la chini kwa fimbo yake mara mbili. Ngitit zikaanguka, mbuzi wakaja mbio. Aliokota moja, iliyojikunja, ya rangi ya kahawia, akaniwekea kiganjani. Ninayo hapa mezani ninapoandika. Ndani yake mbegu zinagonga ukiitikisa.

Msomaji, ukipata nafasi nenda Nariokotome, ukaone alikolala kijana wa Kamoya Kimeu. Ukifika ukingoni, kaa kivulini, hakuna atakayekuzuia. Ila kabla hujagusa tawi, uliza mwenyewe ni nani.